Msimulia Filamu na Mama Asiyeuogopa Mzimu

Saa tisa alasiri, mapazia meusi yanateremshwa katika ukumbi wa video ulio nyuma ya duka la vipuri. Mwanamume aliyeketi kando ya skrini anakohoa, anavuta kipaza sauti, na kwa dakika moja tu anakuwa polisi, kikongwe na mbwa.

Watazamaji wanamwita Midomo Saba. Husimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni zikiwa zinaonyeshwa, na hutia chumvi zinapopooza.

Leo inarudiwa filamu ya kutisha ya mwongozaji anayempenda kuliko wote. Mtoto aliyekufa anabisha hodi. Mama yake hakimbii. Anabandika maji ya kumwogesha, kisha anayapima joto kwa kiwiko.

Midomo Saba anazima kipaza sauti.

"We mzee, na wewe umekufa?" mtu anapaza sauti kutoka nyuma. Kicheko kinazuka, kisha kinajifia chenyewe.

"Waongozaji wengine wanatutisha kwa damu," anaeleza baadaye akikunja nyaya. "Huyu bwana anatutisha kwa upendo. Namshukuru, ingawa hanijui."

Ana sababu. Yeye na mkewe, fundi cherehani, walifiwa na binti yao wa pekee kwa homa. Tangu hapo hawakumtaja tena nyumbani. Siku ya kwanza kuisimulia filamu hiyo, alikuwa ameiandalia vichekesho tele. Mtoto alipobisha hodi, akazima kipaza sauti. Aliporudi nyumbani, alimhadithia mkewe kisa kizima, chakula kikipoa mezani.

"Nikamuuliza, 'Baba, wetu akibisha, utafungua?'" mkewe anakumbuka. "Akasema, 'Nitaung'oa huo mlango.' Tulilia, mwenzangu, mpaka tukaanza kuchekana."

Sasa filamu mpya ya mwongozaji huyo imefika. Midomo Saba ameshaitazama kwa matayarisho, na safari hii hatasimulia peke yake. Mkewe ndiye atakayekuwa sauti ya mama.

"Akimwigiza yeye, yule mama anakuwa kama dereva wa lori," mkewe anasema, na mumewe hapingi.

Wasimulizi huwabatiza upya wahusika wa kigeni ili watazamaji wawazoee. Jina la mtoto wa filamu hii amelichagua mkewe. Ni la binti yao.

"Nataka nimwite kwa sauti, mbele za watu," anasema, mguu ukiwa umetulia juu ya kanyagio la cherehani. "Kwenye filamu za huyu bwana, mtoto akiitwa huitika."