Mwaka Ambao Chef Banza Hakupanda Ruwenzori

Siku yangu ya kwanza kwenye reli, hapa Kamina, nilipewa nyundo ya mpini mrefu, nikaambiwa nigonge viungo vya reli na kutega sikio. Chuma kizima hulia. Kilichopasuka hutoa sauti butu. Aliyenifundisha ni mkuu wa sehemu yetu, marehemu Chef Banza, fundi na mpanda milima. Ndiyo, mpanda milima, katika mji ambao kilele chake ni kichuguu!

Kila likizo aliigawa: nusu shambani na mkewe, Mama Jeanne, nusu mlimani. Lakini hakuondoka bila makabidhiano, tuliyoyaita *remise-reprise*. Anayepokea kazi hutembea sehemu nzima na nyundo, kisha anasaini.

Mwaka mmoja nilipokea mimi. Chef alikuwa anakwenda Ruwenzori, safari aliyoingojea miaka, na wenzake walikuwa wanamsubiri huko. Mvua ikanikimbiza kabla sijafika daraja la upande wa Luena, nami nikasaini hivyo hivyo. Nilikuwa kijana mjinga.

Asubuhi ya safari nilimbebea mzigo hadi kituoni. Akatazama viatu vyangu, safi kabisa, wakati darajani matope hufika magotini.

“Ulifika ku daraja?” akauliza kwa Kiswahili chetu cha huku.

Nikatikisa kichwa. Chef akanitua begi na kamba zake.

“Chef, treni inaenda!”

“Iende. Weye unasaini kitu haukuona? Kesho bantu banapita pale. Kamata nyundo.”

Tulitembea, nikigonga kiungo baada ya kiungo. Karibu na daraja kiungo kimoja kilitoa sauti butu: kilikuwa kimepasuka. Tulikibadilisha siku hiyo hiyo. Treni nyingine ilichelewa mno, wenzake wakapanda bila yeye. Baadaye magoti yalimharibikia, Ruwenzori hakuiona kamwe. Hakunishtaki kwa wakubwa, na kazi nikabaki nayo hadi pensheni. Namshukuru kila siku.

Nilipostaafu nilikwenda kwake kumwomba msamaha.

“Chef, ile mulima, minyi njo nilikunyima.”

Akacheka hadi akakohoa. “Ile juma Mama Jeanne alizala, mbele ya siku yake kufika. Batoto bangine bote balizaliwa minyi niko ku mulima ao ku njia. Ule mumoja tu njo nilimubeba siku alizaliwa. Na weye unaniomba musamaha?”

Binti huyo ndiye aliyekuwa akitutengea bukari, ugali wa kwetu. Nilimtazama, mwanamke mzima, machozi yakanitoka mbele ya sahani.