Mchumba Wangu Aliuza Mtaa Niliojenga Kwenye Mchezo wa Kompyuta

(Jina la dada huyu tumeliweka kando. Tafadhali msome hadi mwisho kabla ya kumtupia maneno.)

Admin, nifiche. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kolwezi, huku Kongo. Jumamosi hii ukoo wa mchumba wangu unaleta mahari. Wenzangu wanachagua vitenge, mimi nalia chooni ili nisionekane.

Nasimamia chumba cha kompyuta cha mjomba. Vijana wa mtaa wetu, wengi wachimbaji, walikuwa wanakuja kucheza vita vya miaka ijayo: unaona bunduki ya mwanga mikononi mwako, umevaa chuma mwili mzima, unapigana na maroboti. Msinicheke, mimi ndiye niliyekuwa nawaua wote. Mchezo ule unakuruhusu kujenga uwanja wako wa vita, nami nikajenga mtaa wetu utakavyokuwa baada ya miaka mia tatu. Juu niliweka magari yanayoruka na lango kubwa la zambarau. Chini niliweka mashimo yetu kama yalivyo leo.

Kwa msiojua, watu wa mtaa wetu walikuwa wanachimba kobalti ndani ya nyumba zao, jikoni, hata chini ya kitanda. Mwanamke haruhusiwi kushuka, eti akishuka madini yanakimbia. Basi mimi nikashuka kwa kompyuta! Wachimbaji wenyewe walisimama nyuma ya kiti changu wakinisahihisha: "Hapana vile, shimo ya mama Odette inapinda kushoto, inaenda mpaka chini ya kuku." Tulicheka sana siku zile.

Kisha shimo moja likaporomoka na kuua watu, tukaamriwa tuhame wote, kampuni ya madini ichukue eneo. Mwenye nyumba atalipwa, lakini nyumba yenye shimo hailipwi hata kidogo. Baba yangu, ambaye ni shefu, kiongozi wa mtaa, alikubaliana na majirani wafunike mashimo kwa mbao na udongo, kitanda juu, midomo ifungwe.

Wakaguzi wa kampuni walipofika hawakuuliza kitu. Waliingia wakasogeza vitanda. Mmoja alishika karatasi yenye ramani, nikachungulia, nikaona lango langu la zambarau. Nakala ya uwanja ule nilimpa mtu mmoja tu, mchumba wangu, aliyesema anataka kujifunza asije akaaibika mbele yangu.

Nilipomuuliza hata hakukana. "Chérie, ile ni jeu, mchezo tu. Hata bila mi, bangejua. Balinipa kazi kwa kampuni. Ulitaka tuoane na nini?"

Jamani, nimechezewa! Angenitapeli mimi peke yangu ningemeza. Lakini majirani walitolewa mikono mitupu, wengine wamekwenda kujibanza kwa ndugu zao kule Lubudi, na lawama zote ziko kwa baba. Nyumba yetu haikuwa na shimo, kwa hiyo sisi tulilipwa. Mnaona inavyoonekana? Mama Odette, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, alimsimamisha baba mlangoni mwa kanisa: "Tata shefu, ulituuzisha." Baba ndiye kiongozi wa kwaya. Siku hizi anaanzisha wimbo, watu wanamwangalia tu.

Nikisema ukweli, wachimbaji wanaweza kumpiga huyu mwanaume hadi afe, na watajua ramani ile ya wakaguzi ilitoka mikononi mwangu. Nikinyamaza, naolewa na msaliti na baba anazeeka akiitwa mwizi. Namchukia, na bado simu yake ikiita moyo unaruka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Yeye anakuja kwetu kila jioni, anakaa na baba, anamtengenezea redio. Jana baada ya kuondoka, baba alinishika mkono, machozi yanamtoka. "Batu bote balinikimbia," akasema. "Ni huyu kijana tu alibakia. Umuheshimu, mutoto yangu."

Nikajibu, "Ndiyo, papa."

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nimwambie baba, nimnyang'anye hata huyo mmoja aliyebaki naye?