Msiba wa Tomasi Aliye Hai

Martina alikuwa na mdomo, na alijijua. Wanawake wa Mgeta walimchagua kuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa sababu hiyo hiyo: nani angethubutu kumnyima makohozi ya kupima kifua kikuu?

Tomasi alithubutu. Mzee huyo alikohoa tangu masika, akakonda, na hakuna dawa ya kikohozi iliyoingia dukani ambayo hakuionja. Mara mbili alipewa kikopo. Mara mbili akatema mate ya mdomoni tu, akajichekea. Martina alivipeleka Morogoro kwa lori la kabichi, kwenye mashine mpya inayotafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu na kutoa jibu kwa saa mbili. Mara zote mbili, hakuna kitu.

"Haya ni mate," mtaalamu wa maabara alimwambia. "Mashine inasoma kilichomo, dada. Haibuni."

Martina alirudi mlimani amefura. Rahel, mjukuu wa Tomasi wa miaka minne, alilala kitanda kimoja na babu yake, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Ndipo akakumbuka kwamba ukoo wake na wa Tomasi ni watani, na mtani ana kazi yake msibani: kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Asubuhi akaingia uani kwa Tomasi, akaangua kilio.

"Shikamoo, marehemu!"

"Nani kafa, we mwendawazimu?"

"Wewe. Nimewahi tu, kesho nina palizi."

Akachukua koti zito la mzee, akalivaa, akazunguka uani amepinda mgongo, akikohoa na kuitukana kabichi ya jirani, kama Tomasi mwenyewe. Majirani wakajaa. Tomasi alijitahidi kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikampandishia kitu kizito kutoka chini kabisa ya kifua. Alipoinama kutema, kikopo kilikuwa kidevuni tayari.

"Ahsante, marehemu," Martina akasema, akafunga kifuniko.

Safari hii mashine iliviona vimelea, ikaonyesha pia kwamba dawa ya kawaida itaviweza. Rahel alipimwa, akapewa dawa za kinga. Tomasi alimeza vidonge miezi sita, Martina akimsimamia na kumtania kila siku.

Alipopona, akadai koti lake.

"Koti la marehemu ni la mtani," Martina akamjibu. "Mila ni mila."

Tomasi akaenda kumshtaki kwa kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, akipanda na kushuka vile vilima huku akifoka kwa sauti kubwa, bila kukohoa hata mara moja. Martina alimsikia akiwa shambani, koti mwilini. Safari hii alilia kweli.