Siku Niliyokula Ugali Wangu Mbele ya Bwalo Zima

Usiniulize ulikuwa mwaka gani, mwanangu, tarehe hazikunihusu. Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mwaka uliotangulia tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama visigino vya shangazi yangu. Mwaka uliofuata tulirudi kwenye mahindi yetu meupe. Hapo katikati ndipo Serikali ya Waingereza ilipotuletea kwa treni magunia ya unga wa rangi ya manjano, wenye harufu ya gunia lenyewe. Watu wa Tabora walisema ni chakula cha kuku. Walisema hivyo huku wamepanga foleni na vikapu mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimetoka kwetu, upande wa Kaliua, nikakaa kwa mjomba pale Kitete, na mjomba akanitafutia kazi jikoni kwenye shule moja ya sekondari ya wavulana. Mimi shule nilikuwa nimeisoma kwa muda wa kupukuchua gunia moja la mahindi, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Basi niliiingia sekondari kwa mlango wa jikoni, na sioni haya kusema. Wapo walioingia kwa mlango wa mbele wakatoka hawana walichokishika.

Wapishi wote walikuwa wanaume. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mawe kwenye maharage na kuchekecha unga. Mwiko wa kusongea sikuruhusiwa kuushika. Ulikuwa mrefu kuliko mimi, umekaa pembeni ukutani kama bunduki ya askari. Kila siku niliutazama, na kila siku nilijiambia, hawa wanaume siku moja watauona mkono wangu.

Mkuu wa jiko alikuwa Mzee Rajabu wa Isevya. Baba yake aliwapikia wapagazi kwenye misafara, Tabora mpaka pwani na kurudi, na yeye mwenyewe alianza utotoni kuokota kuni njiani. Alikuwa mpole, mfupi, kanzu yake haikuwa na doa hata akipika mchuzi. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nilidhani hiyo ndiyo dalili ya mtu asiyeweza kukasirika. Nilikuwa mtoto.

Na alikuwapo kijana mmoja, Maganga, kiranja wa bwalo la chakula, mrefu na mwembamba kama ufito. Unga ulikuwa wa kupimiwa na wavulana walikuwa na njaa ya kudumu, hivyo tulipatana: mimi nampa ukoko wa sufuria, yeye ananifundisha kuandika. Ubao wetu ulikuwa ukuta wa banda la kuni, chaki yetu mkaa. Muhula mzima, herufi kwa ukoko, ukoko kwa herufi. Mbele yangu alikuwa mkali kuliko walimu wake wote.

"Dada Kalunde, hiyo ni herufi au ni mguu wa kuku?"

"Na wewe huo ni mdomo au ni shimo la panya? Tafuna kwanza, ndipo useme."

Ikafika siku moja kabla ya kufunga shule. Umebaki mtihani mmoja tu, wa kesho asubuhi, halafu kila mtu na sanduku lake la bati, stesheni. Asubuhi ile msongaji wetu akaunguza mguu kwa maharage ya moto, akapelekwa hospitali. Mzee Rajabu akatazama huku na huku, akanitazama mimi, akautoa mwiko ukutani.

"Leo ni wewe, mwanangu. Usiuache mpaka uive. Mimi nakwenda kuswali adhuhuri."

Mwanangu, nilijiona nimepewa utemi. Nikapanda juu ya tofali, nikasonga. Nilisonga kwa madaha, nikitumaini kuna mtu anapita anione. Mtu hakupita. Aliyekuja ni Maganga, na kipande cha mkaa.

"Kesho naondoka, wiki sita," akasema. "Jina lako bado hulimalizi. Njoo ulimalize."

"Nina ugali motoni."

"Basi lala na nusu ya jina mpaka nirudi."

Nikatazama sufuria. Nikatazama ukuta. Nikamwaga unga wote uliobaki kwa mara moja, nikafunika, nikaenda kuandika jina langu.

Liliandikika. Lilikuwa limeinama kama nyumba ya mlevi, lakini lilikuwa langu, lote. Nikarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Nikalisogelea tena kulinyoosha. Nikarudi nyuma tena. Kengele ya chakula ikalia. Nilipofika jikoni, ugali ulikuwa umekaza juu, na chini Mungu ndiye aliyejua. Nikauchapa mara nne tano, nikaupakua. Ulisimama kwenye masinia kwa heshima zake zote. Nikaamini macho yangu.

Bwalo zima likamega tonge la kwanza. Kisha sauti ya kwanza:

"Jamani, tunakula au tunajenga bweni?"

"Hii saruji pelekeni reli!"

Maganga alikuwa mezani kwake. Akavunja bonge katikati, na unga mkavu ukatimka kama vumbi la njia ya ng'ombe. Akasimama, bila kufikiri, akasema kwa sauti ya kiranja, "Ugali huu ni mbichi." Basi wavulana zaidi ya mia wakaanza kugonga sahani.

Mwalimu mkuu alikuwa Mzungu mwenye miguu mirefu na kaptula iliyopigwa pasi, na wakati ule wanafunzi kugomea chakula lilikuwa jambo la kufukuzisha mtu. Akaingia, sahani zikanyamaza. Akauliza nani ameanza. Maganga akabaki amesimama. Akaambiwa wazi, kila mtu akasikia: kama chakula ni kizuri, basi amechochea wenzake, apakie sanduku lake sasa hivi, mtihani wa kesho si wake na shule si yake. Halafu Mzungu akanigeukia.

"Mpishi. Chakula nzuri ao mbaya?"

Sasa nisikilize. Yule kijana alijua ugali ule ni mbichi kwa sababu gani. Yeye ndiye aliyeniita ukutani. Angeweza kusema, "Muulizeni alikuwa wapi." Hakusema. Alinitazama tu, na mdomo wake, ambao haukuwahi kufungwa, ulikuwa umefungwa. Na mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimeushika mwiko ule kwa saa moja tu maishani, wapishi wenzangu wamesimama mlangoni wananisubiri nianguke, na niliona heri aanguke mwingine. Nikaweka mikono kiunoni.

"Ugali umeiva. Sipiki mara mbili."

Maganga akainamisha kichwa, akaanza kutoka nyuma ya meza yake kwenda bwenini.

Hapo Mzee Rajabu akaingia, anatoka kuswali. Akatazama masinia, akamtazama kijana, akanitazama mimi. Akamwomba Mzungu subira kidogo kwa adabu, kisha akavuta benchi mpaka katikati ya bwalo.

"Kalunde, mwanangu. Umekula?"

"Bado, mzee."

"Kumbe! Mpishi wangu ana njaa na mimi naswali. Kaa, mama, kaa ule."

Akaniletea maji, akaninawisha mwenyewe, yeye mtu mzima wa kuniita mjukuu. Akanikatia bonge kubwa kutoka katikati ya sinia, akanisogezea maharage. Kisha akasema, kwa sauti ya kuzungumza tu, "Baba yangu alipowapikia wapagazi, hakuna aliyenawa mikono kabla mpishi hajala tonge lake mbele yao. Mtu atakayebeba mzigo siku nzima ana haki ya kumwona mpishi akimeza. Nimekosa mimi kutokukufundisha. Haya, bismillahi."

Nikala. Tonge la kwanza nililimeza zima, nikatabasamu. Usicheke. Nilitabasamu mbele ya wavulana zaidi ya mia na Mzungu mmoja. La pili liligandia juu ya kinywa, ulimi ukawa unalisukuma kama mtu anayesukuma lori lililozama. Mzee akanikatia la tatu. "Ongeza, mwanangu, umeiva huo." La tatu lilipasuka ndani, unga mkavu ukajaa, nikataka kuvuta pumzi, nikakohoa, na unga wa njano ukanitoka puani. Puani, mwanangu! Matundu yote mawili.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona. Nilisikia hatua zinakuja, nikaona kikombe cha maji mbele yangu. Aliyekileta ni Maganga. Anafukuzwa shule kwa neno langu, na ananiletea maji.

Nikanywa. Nikasema, "Mbichi."

"Sema tena, mama, wa nyuma hawajasikia," Mzee Rajabu akasema.

"Mbichi! Nimekosa mimi. Niliuacha motoni, nikaenda ukutani kuandika jina langu. Huyu kijana hana kosa."

Ndipo bwalo lilipopasuka kwa kicheko, na Mzungu akataka kuuona huo ukuta. Tukaenda wote, msururu mzima kama harusi. Akasimama mbele ya jina langu lililoinama, mikono nyuma, muda mrefu. Nikajua kazi imekwisha. Akatingisha kichwa.

"Andiko nzuri," akasema. "Ugali mbaya." Akamwambia Maganga arudi kukaa, akanyoosha kidole jikoni.

Mzee Rajabu akanirudishia mwiko. "Umesema hupiki mara mbili. Maneno mazuri hayo, yashike. Leo utapika mara mbili, ili kesho na kesho kutwa uwe na haki ya kuyasema."

Nikasonga mpaka mabega yakawaka moto. Nilipomaliza, kabla hajaniambia, nilichukua tonge langu nikaenda kulila katikati ya bwalo. Lilikuwa limeiva. Wakala kimya, na mvulana wa watu ukimwona anakula kimya, hicho ndicho cheti.

Maganga alifanya mtihani wake. Na wewe usikimbilie kudhani ndiye babu yako. Babu yako alikuwa fundi seremala na hakujua kusoma, alinisikiliza tu mimi nikisoma. Lakini likizo ile Maganga aliniletea barua, ya kwanza maishani mwangu. Ilinichukua siku nne kuisoma, nikijificha nyuma ya magunia, na nilipoimaliza ilikuwa na maneno mawili tu: "Ugali umeiva?"

Sasa, mwanangu unayefunga shule wiki hii. Nimeiona ripoti yako. Nimesikia pia kwamba mwalimu wa hesabu anakuchukia, maswali yalitoka kwenye kurasa ambazo hazikusomwa, na aliyekaa mbele yako alikuwa na kichwa kikubwa. Inawezekana. Lakini kabla hujaweka mikono kiunoni, vuta benchi, kaa, ule kazi yako mwenyewe mbele ya watu. Chukua daftari lako usome ulichokiandika. Kikikutoka puani, sema mbichi, na wa nyuma wasikie. Usimwache mwenzako apakie sanduku kwa uongo wako, maana siku hiyo huenda usiwe na Mzee Rajabu wa kukunawisha mikono. Ukishasema, rudi ukasonge upya, hakuna aliyekufa kwa mabega kuuma. Mungu akupe mkono usioacha kazi katikati, akupe na mwenzako wa kukuletea kikombe cha maji siku ya aibu yako, na akujalie wewe uwe huyo mwenzako kwa mtu mwingine. Amina.

Na hilo jambo la jana usiku mezani sijalisahau. Ulisukuma sahani ya ugali, ukasema shuleni kwenu mnakula wali, na je, Bibi hawezi kusonga mwingine laini kidogo? Nilikwisha kula tonge la kwanza mbele yako na mbele ya mama yako, na mlinitazama nikimeza. Kwa hiyo jibu langu ni lile lile nililolitoa bwaloni mwaka wa unga wa njano, sipunguzi neno wala siongezi, ila safari hii nina haki nalo:

"Ugali umeiva. Sipiki mara mbili."