Tope la Nyumba ya Siku Moja

Hapana, usiniambie tope ni tope. Hata baba mdogo wa rafiki yangu aliniambia hivyo hivyo, siku ile kule Homa Bay, na mkono wake ulikuwa umeshika mtungi wa maji.

Rafiki yangu ni mtu ambaye ukimtukana umenitukana mimi. Tulisoma darasa moja, tukafyatua matofali pamoja Uriri mpaka mgongo ukakataa. Siku hiyo alikuwa anatoka boma la baba yake kuanzisha lake. Kwetu Wajaluo, siku hiyo unakuja na jogoo, shoka na moto, na nyumba inasimama siku hiyo hiyo. Jua likizama ukuta haujafungwa, watu watasema boma limekukataa. Na ukoo wake ulikuwa unangoja tu kusema.

Fito zilisimama mapema. Shida ikaja kwa tope. Udongo wa pale ni ule mweusi, mvua ikinyesha unakula gumboot, ukikauka unapasuka mpaka mkono unaingia. Baba mdogo akawa anamwaga maji tu.

"Ongeza! Jua linatuacha! Tope laini linarushwa haraka!"

"Baba mdogo, hiyo ni uji."

"We ni mhandisi wa wapi? Hata chuo hujaona."

Kweli sijaona. Nimejifunza kwa matofali yaliyonivunjikia, na kwa video za simu. Kwa heshima niliendelea kuchanganya tope na jembe langu. Lakini saa sita hivi ukuta wa mbele ukateleza kwenye fito, polepole, kama mtu anavua nguo, ukalala chini. Akina mama wakashika mdomo. Rafiki yangu akaniangalia tu, jogoo bado kwapani.

Nikatupa jembe. Sitasema nilichosema. Baba mdogo alitoa kofia.

Kisha nikachota tope, nikalisokota kiganjani. Likanata, halikukubali kuwa kamba. Maji mengi. Nikapiga kelele tuvunje kichuguu kilichokuwa karibu, tulete ule udongo mkavu, na nyasi iliyokatwakatwa. Tukakanyaga wote, akina mama wakiimba. Nikasokota tena.

"Unapika chapati ama unajenga?" baba mdogo akauliza. Watu wakacheka, hata mimi.

"Angalia, mzee wangu. Ikinata, ina maji mengi. Ikikatika ikiwa bado nene, imekauka. Ikifika wembamba wa njiti ya kiberiti bila kunata na bila kukatika, hiyo inashika ukuta."

Mara ya pili kamba ilikatika mapema, tulikuwa tumezidisha kichuguu. Baba mdogo akafurahi sana, akaleta mtungi. "Kumbe nilihitajika!" Nikamruhusu anyunyize kwa kikombe. Kikombe, si mtungi. Ya tatu ikakubali.

Wacha nikwambie, tulipiga ule ukuta kama tunadaiwa na jua. Tope likawa linashika fito na kukaa, unalipiga kofi linajibu pwa! Kona ya mwisho ilifungwa jua likiwa limegusa ziwa. Mke wake akaingiza moto, jogoo akaachiliwa, akapanda kwenye jembe langu akawika saa isiyo yake. Rafiki yangu hakusema asante. Alinishika shingo na mikono yenye tope, shati langu la kanisa likaisha hapo.

Mvua ndefu imepita tangu hapo. Nilienda juzi. Kuna nyufa ndogo tu, zimesiribwa upya, na ukuta umesimama wima. Nikamkuta baba mdogo kwa jirani anayejenga, amechuchumaa, anasokota tope mbele ya vijana. Anawaambia yeye ndiye alinifundisha.

Sikukasirika. Sawa, nilikasirika kidogo. Lakini alikuwa anasokota vizuri.

Sasa wewe unayesema tope ni tope, ukuta wako umelala mara ngapi?