Siku Breki ya Athanasi Ilipogoma

Mji mzima wa Buffalo, kule Marekani, hapakuwa na mtu hodari wa kuwahi kama Athanasi, na kama ulikuwa hujui, ungekaa naye kidogo tu angekueleza mwenyewe. Kiwandani alifika mlango haujafunguliwa. Kanisani alikaa benchi la mbele, kisha akageuza shingo kila mlango ulipolia, aone nani kachelewa leo. Ndiyo maana, posa ya Isaro ilipopangwa kwa simu, ni yeye aliyetoa sharti: kikao ni saa tisa kamili alasiri, na mzee atakayechelewa atakaa asikilize tu, asifungue mdomo.

Isaro ni binti wa Medard, marehemu kaka yake Athanasi. Anaishi Hilliard, pale Columbus, ndiko kikao kingefanyika. Mchumba wake ni kijana wa Kikongo kutoka Louisville, na msemaji wa upande wao ni mzee mmoja aitwaye Bagula. Sharti lilitungwa mahususi kwa ajili ya Bagula. Athanasi alikwishaamua moyoni kwamba Wakongo hawajui saa, akatamani kweli kuona mzee yule akinyimwa neno mbele za watu. Hotuba aliiandaa kabisa, sehemu kubwa ikihusu heshima ya wakati.

Lakini katika hotuba ile yote palikuwa na maneno machache tu ya maana: "Mimi ni baba yake, nimekubali." Medard alimwomba ayaseme, akiwa mgonjwa kitandani katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kibondo, Tanzania, Isaro bado anatambaa. Athanasi aliahidi. Na ahadi ile, majigambo yote tukiyaweka pembeni, hakuwahi kuifanyia mchezo.

Sasa, jioni ya kuamkia safari, bwana mkubwa akasema hawezi kwenda kwa wakwe na gari lililojaa chumvi ya barabarani, ile inayomwagwa kuyeyusha theluji. Januari hiyo! Akabeba ndoo za maji ya moto kutoka jikoni, akaliosha gari juu, chini, mpaka ndani ya tairi.

"Baba Fides, baridi yote hii unaosha gari?" mkewe, Caritas, akamwuliza kutoka mlangoni.

"Mama Fides, wewe nenda kapige pasi. Gari niachie mimi."

Akaachiwa. Alipomaliza aliweka gia ya kuegesha, ambayo kwa Wamarekani wengi inatosha. Kwake haikutosha. Medard alikuwa dereva wa lori, na alimfundisha mdogo wake kwamba gia si ya kuaminiwa: vuta breki ya mkono mpaka ilie, halafu weka jiwe nyuma ya tairi. Athanasi alifuata mafundisho yote, akaingia ndani kulala usingizi wa mtu aliyejipanga.

Usiku theluji ikamwagika. Asubuhi wakavaa, yeye suti, Caritas mshanana wake, vazi la sherehe la kwao, chini ya koti zito. Gari likawaka vizuri. Akashusha breki ya mkono, akaweka rivasi kutoka uani, akakanyaga mafuta. Gari likachuchumaa nyuma, likakataa. Akakanyaga zaidi, likanguruma mpaka jirani akafungua pazia.

"Breki imeganda," akasema Athanasi, kwa sauti ya daktari. "Maji yameingia."

"Maji gani hayo?" akauliza Caritas.

Athanasi akaenda jikoni akachemsha maji mengine, yaani dawa ileile iliyoleta ugonjwa, akayamwaga kwenye tairi za nyuma. Moshi ukapanda vizuri sana, na muda si mrefu pakawa na barafu mpya inayong'aa. Akalala chali kwenye theluji na suti yake, akatazama chini ya gari, akaona chini ya gari. Hapo ndipo Caritas alipochoka, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la posa, waliomo na wakwe, akidhani ni kundi la familia.

Simu ikalia. Alikuwa Bagula, yuko Louisville, anapakia watu wake garini.

"Mzee, bonjour! Nasikia freni ya mukono imekugomea?"

Athanasi alimtazama mkewe kwa jicho ambalo ndoa nyingine zisingelistahimili.

"Ni kitu kidogo tu, mzee mwenzangu."

"Bon. Maji ya moto usimwange, itakuwa barafu tena."

"Nani amwage maji! Mimi si mtoto."

"Donc, acha moteur ipate joto. Ile freni panda-shusha, panda-shusha. Halafu kamata nyundo, piga pole pole kule nyuma ku tairi. Pole pole, mzee, haiko vita."

Iliuma kupokea maagizo kutoka kwa yule yule, lakini saa ilikuwa inakwenda. Akapandisha na kushusha breki mpaka kiganja kikauma. Caritas akavuta waya mrefu kupitia dirishani, akachomeka mashine yake ya kukaushia nywele, akaielekeza kwenye tairi kama anayemtengeneza bibi harusi. Athanasi akagonga na nyundo. Ghafla, ta! upande mmoja. Akazunguka, akagonga tena: ta! Breki zote mbili zikaachia.

"Nilikwambia najua gari!"

Akaruka ndani, rivasi, mafuta. Gari likainuka kidogo nyuma, likarudi palepale.

Wakaanza upya. Nyundo, mashine, panda, shusha. Athanasi aliilaumu barafu, akamlaumu fundi aliyebadilisha breki kiangazi, akafika mpaka kwa Wajapani waliolitengeneza gari. Kisha akaacha kulaumu. Akaegemea gari, nyundo mkononi, macho yamejaa machozi.

"Nilimwahidi Medard," akasema. "Mtoto ataolewa nimekaa kimya kama mgeni, na sharti nililiweka mwenyewe."

Caritas alimhurumia, kweli alimhurumia. Akamfuta theluji mabegani. Halafu akatazama lundo la theluji nyuma ya tairi.

"Baba Fides. Na jiwe je, ulilitoa?"

Athanasi alichimba kwa mikono, akalikuta jiwe la Medard limekaa imara, linafanya kazi yake kuliko mtu yeyote pale uani.

Saa tisa iliwakuta bado wako mbali na Columbus. Njia nzima Athanasi hakumsema mtu. Walipoingia mtaa wa Isaro, akaona magari ya Louisville yameegeshwa nje ya nyumba, injini zinaunguruma, watu na suti zao wamejibana ndani. Bagula akashuka akitetemeka, mikono mifukoni.

"Mzee, pardon sana, sisi tumechelewa," akasema. "Ingia wewe kwanza. Sisi tutafuata."

Isaro akatoka mbio kumlaki, akamnong'oneza sikioni: "Baba mdogo, wako hapa tangu saa nane. Nimewabembeleza waingie, wamekataa. Mzee Bagula anasema hawezi kuingia kabla ya baba wa binti."

Athanasi akaingia. Nyuma yake wakaingia waliochelewa. Kwa sharti la Athanasi mwenyewe, Bagula hakuwa na ruhusa ya kusema kitu, na mzee yule akakaa kimya kweli, mikono magotini, meno bado yanagongana. Athanasi akasimama. Ile sehemu ndefu ya heshima ya wakati ilimfika kooni, akaimeza.

"Wageni wetu wamewahi," akasema. "Aliyechelewa ni mimi. Mzee Bagula, naomba ruhusa yako niseme."

Bagula akaitikia kwa kichwa.

"Mimi ni baba yake," akasema Athanasi. "Nimekubali." Akakaa chini akalia mbele ya wakwe zake, wala hakuona aibu.