Bakuli la Mama Mkwe

Leo nimemnywesha mbwa kwa bakuli la mama mkwe, na sijuti.

Saa saba mchana, jua la Ukunda lilikuwa halina huruma. Mbwa asiye na mwenyewe akaanguka mbele ya nyumba, ulimi nje, anahema.

Nikamvuta kwenye kivuli cha tuktuk yangu, nikamlowesha mwili mzima, nikamtekea maji kwa chombo cha karibu.

Mama mkwe akatoka.

"Baba Saumu, hilo si bakuli langu la futari?"

"Shikamoo mama. Ndilo. Litaoshwa mara saba, moja kwa mchanga, kama dini inavyotaka."

"Na nani?"

"Na mimi."

Majirani wakaja kutazama mkwe anasugua bakuli barazani. Mimi, niliyebeba watalii wa mataifa yote Diani. Wakanihesabia kwa sauti.

Kufika mara ya tano, mbwa akainuka, akajikung'uta, maji yote yakawarukia. Sasa wanafua nguo zitoke najisi kabla ya swala ya alasiri.

Mama mkwe, aliyesimama mbali, akaleta beseni kuukuu. "La mbwa liwe hili, likae nje mpaka joto lipungue. Langu malizia, bado mara mbili."

Haya, mwenye la kusema aseme. Beseni liko nje.